Mtu wa Jina

Hamasaki alipomaliza visima vya Uyui
alituachia vitu vitatu: pampu inayolia kama bata,
deni la chapati kumi na nne,
na ubao wa miraba, tisa kwa tisa.
Fundi Lugendo akaunakili kwa mninga,
na vipande vyake arobaini, kila kimoja na ncha yake,
kama vijumba vilivyolazwa chali.

Kwao, alisema, bingwa wa mchezo huu haitwi bingwa.
Anaitwa mtu wa jina.
Mmoja tu nchi nzima. Sisi wengine
tuna majina ya kuitikia tu.

Hapa stesheni ya Tabora tukalipokea hilo
kama tunavyopokea kila kinachoshuka behewani:
tukalipiga msasa, tukalitungia kanuni.
Mtu wa Jina hukalia kiti chenye mgongo.
Hunywa chai bure, Idi hadi Idi.
Akishinda mara tano, jina halimtoki,
hata akizeeka, hata akisahau farasi anarukaje.

Rajabu Kapaya alikuwa na mara nne.
Miaka thelathini alivuta wenzo wa reli:
huyu Mwanza, huyu Kigoma, huyu Mpanda.
Alizoea vitu vizito kumtii mkono.

Na aliyefika naye fainali ni wa chai.
Ndivyo tulivyomwita. Wa chai. We chai, ongeza moto.
Hakuwa mama wa mtu,
hatukuwa na jina la mtoto la kumvika.
Alijifunza kwa kusimama, birika mkononi,
akitazama juu ya mabega yetu.
(Ile chai ya bure, nisisahau kusema,
ilikuwa chai yake.)

Mimi ni karani wa mizani ya tumbaku.
Niliandika hatua nyuma ya stakabadhi za msimu uliokwisha.
Ya thelathini na moja: Kapaya kala askari.
Ya thelathini na tatu: Kapaya kala mkuki.
Humu anayeliwa hafi.
Hulala kiganjani mwa adui,
kisha hurudi uwanjani akiwaelekea waliomtuma.
Rangi moja, mninga ule ule.
Ni ncha tu inayosema wewe ni wa nani.

Wa chai akatoa. Akatoa tena,
kama anayegawa vikombe,
hadi mateka wa Kapaya wakajaa kiganja
akawamwaga kwenye kofia.
Tukacheka kidogo.
Hatukumwona askari mmoja, mdogo, wa pembeni,
aliyekuwa akienda hatua moja, hatua moja,
akavuka mstari, akapinduka,
na mgongoni, kwa rangi ya kucha ya mke wa Lugendo,
dhahabu.

Kanuni ya Hamasaki hatukuigusa:
mshindi hasemi. Anayesema ni aliyeshindwa,
kwa kinywa chake, kichwa chini.

Kapaya akautazama ubao.
Treni ya Kigoma ikaingia, ikashusha madumu ya mawese.
Wa chai akainuka, akahudumia abiria kumi na mmoja,
akarudisha chenji, akarudi, akaketi.
Treni ikaondoka. Kapaya bado anatazama,
anatafuta wenzo.

"Nimeshindwa," akasema mwisho.
"Nimeshindwa na..."
Akanigeukia mimi, mwenye maandishi.
Nikashusha macho kwenye stakabadhi:
upande huu Kapaya,
upande ule, kwa mwandiko wangu mzuri wa kazini,
Chai.

Miaka tisa tumekunywa kwake.

"Kalunde," akasema yeye, bila haraka.
"Kalunde Mihambo. Wa Isevya. Andika."
Nikaandika. Kalamu ikakwaruza.
Akahamia kwenye kiti chenye mgongo,
akakijaribu, akakiona kinayumba.
"Na hiyo chai ya bure," akauliza,
"mimi nani ananinunulia?"

Kapaya akatia mkono kofiani,
katikati ya askari na mikuki,
akitafuta shilingi.